Kutoka darasani hadi kidimbwini: Maandalizi ya wanafunzi wa Thika na Ruiru kwa kazi ya ufugaji samaki

KATI ya Ruiru na Thika, maji yanayoteremka kutoka milima ya Aberdare hugawanyika. Mto Ruiru na mto Ndarugu huelekea Athi, ambao hubadili jina ukawa Galana kisha Sabaki kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Mto Chania nao hukutana na mto Thika pale mjini Thika, na maji yake huishia Tana. Eneo lenye mito minne ya aina hiyo lingetarajiwa kuwa na desturi kongwe ya samaki, lakini halina. Kwa vizazi vingi wakazi wake walikuwa watu wa kahawa, mahindi, ng'ombe na mbuzi, na wazee wengi walimhesabu samaki kuwa jamaa ya nyoka.

Mabadiliko yamekuja upesi zaidi sokoni kuliko shuleni. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika, wengi wao wakiwa wamehamia huko kutoka sehemu ambazo samaki ni kitoweo cha kila juma. Walaji basi wapo. Wanaokosekana ni vijana waliofunzwa kumzalisha samaki huyo, kumlisha, kumtunza asife na kumfikisha kwa mnunuzi akiwa bado anafaa kuliwa. Makala haya yanaeleza shule ya sekondari inaweza kufanya nini katika kuwaandaa vijana hao, ni wapi juhudi za awali zilikwama, na mwanafunzi anayevutiwa na kazi hii afuate njia gani.

Samaki katika mtaala

Katika mtaala wa 8-4-4, ufugaji wa samaki haukuwa somo. Ulikuwa kipande cha somo la Kilimo, ukifundishwa pamoja na ufugaji wa nyuki na mifugo mingine, na kidimbwi kikitajwa miongoni mwa majengo ya shambani. Mwanafunzi aliweza kuchora kidimbwi vizuri kwenye karatasi, akaonyesha mahali maji yanapoingilia na yanapotokea, akapata alama zake, na asiwahi kumshika samaki hai. Somo hilo lilikuwa na mradi wa vitendo kwa watahiniwa wa kidato cha nne, lakini mada yake ilichaguliwa na Baraza la Mitihani, wala haikuwa hiari ya shule kuugeuza uwe wa samaki. Kundi la mwisho la mtaala huo ni lile lililoingia kidato cha kwanza mwaka 2024, ambalo mtihani wake wa KCSE ni wa mwaka 2027.

Mtaala wa umilisi umefungua milango miwili. Wa kwanza ni Kilimo, ambacho mwanafunzi hukianza mapema: katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, kimeunganishwa na somo la lishe. Wa pili ni mpya kabisa. Miongoni mwa masomo ya kuchagua katika sekondari pevu, ambayo kundi lake la kwanza la Gredi ya 10 ni la Januari 2026, limo somo la Teknolojia ya Bahari na Uvuvi. Limewekwa katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, bega kwa bega na masomo ya ufundi kama vile umeme, useremala, ujenzi na usafiri wa anga.

Hapa mzazi wa Thika anapaswa kusoma kwa makini. Jina la somo linataja bahari, na ni rahisi kudhani kwamba limetengewa Mombasa, Kilifi na Lamu. Lakini samaki anayefugwa kidimbwini Gatundu naye ni sehemu ya sekta hiyohiyo. Kikwazo halisi ni kingine: mwanafunzi wa sekondari pevu huchagua mchanganyiko wa masomo matatu juu ya yale ya lazima, naye hupata tu mchanganyiko ambao shule aliyopangiwa inautoa. Shule isiyo na mwalimu wala maji haiwezi kulitoa somo hilo hata likiwa limeandikwa kwenye orodha ya wizara. Kwa hiyo, kwa wanafunzi wengi wa ukanda huu, njia iliyo wazi kwa sasa ni Kilimo kikiandamana na Biolojia na Kemia, pale mchanganyiko huo unapotolewa, pamoja na kazi ya mikono nje ya vipindi.

Somo adimu kupata makao katika shule moja si jambo geni katika eneo hili. Shule ya Upili ya Mang'u, karibu na Thika, imejulikana kwa miaka mingi kwa kufundisha somo la usafiri wa anga, ambalo shule nyingi za Kenya hazina. Ikiwa elimu ya ndege ilipata mahali, ya samaki haiwezi kusemekana kuwa ngeni mno.

Vidimbwi vilivyokauka

Serikali imewahi kuwasukuma Wakenya wafuge samaki zaidi ya mara moja. Vituo vya Sagana na Kiganjo vilianzishwa mwaka 1948, cha kwanza kikishughulikia samaki wa maji ya vuguvugu na cha pili trauti wa maji baridi ya milimani. Katika miaka ya 1960 ilifanywa kampeni ya kuwahimiza wananchi wale samaki zaidi, na vidimbwi vidogo vikachimbwa kwa maelfu. Vingi viliachwa, vikaota majani.

Msukumo mkubwa kuliko wote ulikuja mwaka 2009, chini ya Mpango wa Kufufua Uchumi. Serikali ililenga kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita mraba 300. Hivyo ni vidimbwi 28,000. Kwa kuwa kila kimoja kilihitaji vifaranga wapatao 1,000, taifa lilijikuta likitafuta vifaranga milioni 28 wakati ambapo vituo vya kuwatotolesha vilikuwa vichache na vidogo. Baadaye mpango ulipanuliwa, na baadhi ya shule nazo zikapata vidimbwi.

Matokeo yalionekana kwa takwimu. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa nchini ulipanda ukafika takriban tani 24,000 mwaka 2014, kisha ukaporomoka hadi tani 12,000 hivi mwaka 2017. Yaani nusu ya kilichopatikana ilipotea katika muda wa miaka mitatu. Sababu zake zimejadiliwa sana: vifaranga waliodumaa, chakula ghali kisicho na protini ya kutosha, wakulima walioachwa peke yao baada ya msaada wa bure kwisha, na wanunuzi waliozoea samaki wa ziwani au wa barafu kutoka China. Sababu moja haijadiliwi inavyostahili. Vidimbwi 28,000 vilihitaji watu 28,000 wenye ujuzi wa kuvitunza, na watu hao hawakuwa wameandaliwa popote. Fedha zilitangulia, mafunzo yakafuata nyuma kwa mwendo wa kobe.

Mpango wa Ustawishaji Biashara ya Ufugaji Samaki, unaofadhiliwa na Serikali pamoja na shirika la IFAD la Umoja wa Mataifa na ulioanza mwaka 2018 katika kaunti 15, Kiambu ikiwamo, uliundwa kwa kuzingatia makosa hayo. Lakini mpango wa mkulima mzima hauwezi kuchukua nafasi ya shule.

Kalenda mbili zisizolingana

Ugumu wa kwanza wa kufuga samaki shuleni ni kwamba samaki hafungi shule. Mwaka wa masomo wa Kenya una mihula mitatu, na wanafunzi huenda likizo Aprili, Agosti na tena kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba. Ngege, ambaye wengi humwita tilapia, huhitaji kati ya miezi sita na tisa kutoka kifaranga hadi uzito wa kuuzwa, naye hulishwa kila siku, kwa kawaida mara mbili. Kidimbwi kikiachwa wiki tatu bila mtu, wanafunzi watarudi wakute mdiria na korongo wamefanya mavuno yao, au jirani amewatangulia usiku.

Ugumu wa pili ni baridi. Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Ruiru imeinuka zaidi kidogo. Ngege hukua vyema maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 20 hupunguza kula, na chakula atakachomwagiwa huoza chini ya maji. Mwezi Julai, ukungu unapotanda eneo hili hadi saa nne asubuhi, maji ya kidimbwi cha wazi yanaweza kushuka chini ya kiwango hicho. Mkulima aliyesoma kijitabu kilichoandikiwa Kisumu hushangaa mbona samaki wake hawaongezeki, akaongeza chakula, akaharibu maji na kupoteza fedha kwa wakati mmoja.

Kalenda inayoweza kufuatwa na shule za ukanda huu basi hujipanga hivi. Kidimbwi hukaushwa na kutiwa chokaa wakati wa likizo ya Desemba, hujazwa maji na kurutubishwa kwa samadi wanafunzi wanaporudi Januari, na vifaranga hutiwa kabla ya mwezi huo kwisha. Februari na Machi ni miezi ya joto, na samaki hukimbia kwa ukuaji. Mvua za masika huleta maji mengi na tope. Juni, Julai na Agosti mgao wa chakula hupunguzwa kulingana na joto la maji, wala si kulingana na ratiba iliyobandikwa ukutani. Septemba ukuaji hurejea, na mavuno hufanywa Oktoba, kabla ya watahiniwa kuingia chumba cha mtihani. Shule ikichelewa kutia vifaranga hadi Mei, baridi itawakuta wakiwa wadogo na mwaka utaisha bila mavuno. Hapo mwanafunzi atakuwa amejifunza nusu ya kazi, na nusu ya kazi ya samaki ni hasara.

Kwa likizo dawa yake ni ya kawaida: zamu ya wanafunzi wanaoishi karibu, mfanyakazi wa shule anayelipwa kwa kazi hiyo hasa, na daftari linaloonyesha nani alilisha, kiasi gani na saa ngapi. Daftari ndilo linalomtenganisha fundi na mtu wa kubahatisha. Shule za kutwa za Ruiru zina faida hapa kuliko zile za bweni, kwa sababu wanafunzi wake hawaendi mbali shule zikifungwa.

Hesabu ya kidimbwi kimoja

Tuchukue kidimbwi kilekile cha mita mraba 300, chenye kina cha wastani wa mita moja. Kinabeba mita za ujazo 300, yaani lita laki tatu. Kikitiwa samaki watatu kwa kila mita mraba, watakuwa 900.

Kila baada ya wiki mbili wanafunzi hukokota wavu, wakachukua samaki 30 hivi, wakawapima na kuwarudisha. Ikiwa wastani wa uzito ni gramu 50, basi samaki wote 900 wana kilo 45. Mgao wa asilimia 4 ya uzito huo kwa siku ni kilo 1.8, unaogawanywa asubuhi na alasiri. Wiki mbili baadaye uzito umebadilika, na hesabu hufanywa upya. Mwishoni, ikiwa asilimia 80 ya samaki wamesalimika na kila mmoja ana gramu 250, mavuno ni samaki 720, sawa na kilo 180. Ikiwa kila kilo ya samaki ilihitaji kilo 1.8 za chakula, kilo 324 za chakula zimetumika.

Hesabu hiyo haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya, lakini ndani yake mna biashara nzima. Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama ya ufugaji. Mwanafunzi akiweza kupunguza kilo 1.8 hadi 1.5 kwa kulisha kwa uangalifu, ameokoa kilo 54 za chakula katika kidimbwi kimoja. Akitaka kujua faida, ataenda sokoni Thika kuuliza bei ya ngege na dukani kuuliza bei ya mfuko wa chakula, kisha aweke namba hizo mbili kando ya zile za kwake. Walimu wa Hisabati na wa Masomo ya Biashara wana kazi hapa sawa na yule wa Kilimo.

Biolojia nayo hupata maabara. Ngege jike hubeba mayai mdomoni, na huanza kuzaa angali mdogo, kiasi kwamba kidimbwi cha mchanganyiko wa dume na jike hujaa vitoto vinavyogombania chakula na wote hubaki wadogo. Ndiyo sababu wafugaji hupendelea madume watupu. Vituo vya kutotolesha huwapata kwa kuwalisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni kwa muda wa wiki tatu hadi nne. Shuleni kuna njia salama ya kujifunzia: samaki akifika gramu 30 hivi, mwanafunzi humgeuza na kutazama matundu yaliyo chini ya tumbo, dume ana mawili na jike matatu. Kazi hiyo humchosha mtu macho, ila hakuna aliyeifanya kwa saa moja akasahau tofauti hiyo. Njia nyingine ni kumtia kambare kidimbwini ili awale vitoto. Kambare mwenyewe huvuta hewa ya juu ya maji, hivyo hustahimili maji mabaya, lakini hazai kidimbwini bila kuchochewa kwa homoni itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa samaki mwenzake. Kumzalisha ni ujuzi wa kulipwa.

Kuhusu maji, mwanafunzi aliye makini huenda kidimbwini alfajiri. Usiku mimea midogo ya majini haitoi oksijeni, bali nayo huivuta, na kabla ya jua kuchomoza ndipo oksijeni huwa haba kuliko wakati wowote. Samaki wakionekana juu wakitweta kwa midomo wazi, chakula husimamishwa na maji mapya huingizwa. Rutuba ya maji hupimwa hata bila chombo: mkono ukizamishwa hadi kiwiko na kiganja kikaanza kutoonekana, maji yana kijani cha kutosha.

Ardhi ya futi 50 kwa 100

Mashamba makubwa ya kahawa yaliyozunguka Ruiru yamekuwa yakikatwa vipande vya makazi, hasa baada ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa na kufunguliwa rasmi Novemba 2012. Ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100 ina takriban mita mraba 465. Kidimbwi cha mita mraba 300 kingemeza karibu theluthi mbili ya ploti hiyo. Kwa hiyo kijana wa Ruiru anayefundishwa kidimbwi cha udongo peke yake anafundishwa kazi ambayo hatakuwa na mahali pa kuifanyia. Yeye anahitaji kujua matangi, vidimbwi vya turubai vilivyoinuliwa juu ya ardhi, mabanda ya plastiki yanayohifadhi joto, na mifumo ya kuchuja maji na kuyarudisha. Kijana wa pande za Gatundu au Gatanga, mwenye mteremko na kijito, anahitaji kidimbwi cha udongo. Mtihani mmoja hauwatoshi wote wawili.

Maji pia si ya bure. Kujaza lita laki tatu kwa boza la lita 10,000 ni safari 30. Maji ya mfereji yana klorini na huua samaki yasipoachwa yatulie kwanza, na anayechota mtoni kwa shughuli ya aina hii huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mito ya eneo hili tayari inagombaniwa. Bwawa la Ruiru, la Sasumua na la Ndakaini huupatia mji wa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, na mashamba na viwanda vya Thika vina mahitaji yao.

Kuna somo la wajibu ambalo halifai kuachwa nje. Mto Athi una ngege wake wa asili, tofauti na yule wa mto Nile anayefugwa vidimbwini, na jamii hizi mbili zikikutana huzaliana. Shule iliyo kando ya mto Ruiru ikiacha kidimbwi kifurike wakati wa masika bila wavu kwenye tundu la kutokea, hasara haitakuwa ya shule pekee.

Usalama kabla ya samaki

Kidimbwi chenye kina cha mita moja na nusu kinatosha kumzamisha mtoto, na hata kijana asiyejua kuogelea akiteleza kwenye turubai. Shule yenye kidimbwi inapaswa kuwa na ua unaofungwa kwa kufuli, kamba au ngazi ya kupandia, na kanuni kwamba hakuna anayeingia majini peke yake. Homoni ya kugeuza vifaranga kuwa madume haipaswi kuchanganywa na wanafunzi hata kidogo. Hiyo ni kazi ya kituo chenye wataalamu, glavu na barakoa. Mwalimu mkuu anayekataa kidimbwi kwa hofu ya mzazi kumfikisha mahakamani asilaumiwe haraka. Aonyeshwe ua kwanza.

Barabara moja, taasisi nyingi

Si lazima kila shule ichimbe. Katika jiji la Bridgeport, jimbo la Connecticut nchini Marekani, kituo kimoja cha elimu ya ufugaji wa viumbe vya majini hupokea wanafunzi wa shule za upili za jiji hilo na za miji jirani kwa sehemu ya siku, kisha wakarejea shuleni kwao kwa masomo mengine. Shule nyingi hutumia matangi yaleyale, maboti yaleyale na walimu walewale.

Ukanda wa Thika na Ruiru una jiografia ya kuruhusu mpango kama huo. Kasarani, kando ya barabara hiyohiyo, kuna makao ya taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, ambayo imechunguza kwa kina matumizi ya nzi askari mweusi kama chanzo cha protini katika chakula cha mifugo na samaki, ili dagaa wanaofaa kuliwa na watu wasigeuzwe chakula cha samaki wengine. Kahawa kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta. Juja, katikati ya miji hii miwili, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Thika penyewe ni mji wa viwanda, vikiwamo vya mafuta ya kupikia na vya kusaga nafaka, na kutoka kwenye mashudu na pumba za viwanda vya aina hiyo ndiko chakula cha samaki huanzia. Ukiendelea kaskazini kama saa moja kwa gari utafika Sagana, ambako kile kituo cha mwaka 1948 sasa ni kituo cha kitaifa cha utafiti na mafunzo ya ufugaji wa samaki chini ya KMFRI, taasisi ya Serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi.

Mabasi ya shule huipita barabara hii kila muhula yakienda kwenye mashindano ya michezo na tamasha za muziki. Siku moja Sagana, mwanafunzi akiona mayai yakitotolewa, ina thamani kuliko wiki mbili za maandishi ubaoni. Kinachohitajika ni makubaliano ya kudumu kati ya shule na taasisi hizi, yenye tarehe na idadi ya wanafunzi, badala ya ziara ya mara moja ya kupiga picha.

Njia za baada ya sekondari

Kwa wanaomaliza chini ya 8-4-4, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni alama ya C+ na cha stashahada ni C-, pamoja na masharti ya masomo mahususi. Vyuo vikuu vya Nairobi, Eldoret na Kisii vimekuwa na kozi za shahada za uvuvi na ufugaji wa samaki. Naivasha kuna chuo kilichojulikana kwa miaka mingi kuwa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambacho sasa ni Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, na ambacho kimewafunza maafisa wengi wa samaki katika ngazi za cheti na stashahada. Nje ya mipaka, Tanzania ina wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, FETA, wenye kampasi Mbegani karibu na Bagamoyo, Nyegezi jijini Mwanza na kwingineko. Uganda ina chuo cha uvuvi cha Entebbe.

Shahada haiwafai wote, na sekta yenyewe haihitaji wote wawe nayo. Kituo cha kutotolesha vifaranga huhitaji watu wa mikono mitulivu wasiochoka kuhesabu. Kiwanda cha chakula huhitaji anayeelewa protini na mashine. Kampuni za vizimba katika Ziwa Victoria, huko Homa Bay na Siaya, huhitaji wapiga mbizi, washona nyavu, walinzi, wahasibu na madereva wa malori ya barafu. Kijana wa Thika atakayeajiriwa huko atahama nyumbani, na ni vyema ajue hivyo mapema. Anayetaka kubaki Kiambu ana nafasi katika vifaranga, chakula, ujenzi wa matangi, upimaji wa maji na usambazaji kwa mahoteli. Kuna pia ajira za kaunti, kwani chini ya Katiba ya 2010 huduma za ugani wa samaki ziko mikononi mwa serikali za kaunti, ingawa nafasi hizo huwa chache na hutangazwa kwa vipindi.

Anayejiandaa kujiunga na chuo chochote cha samaki afanye jambo moja kabla ya kulipa karo: aende chuoni humo na aombe kuonyeshwa vidimbwi. Atazame kama vina maji, kama vina samaki, na kama kuna daftari la kulisha lililojazwa asubuhi ya siku hiyo.